Dawa Ipimwe Kabla Seli Haijaitwa Sugu

Katika kila hospitali inayotibu saratani hutokea jambo ambalo wagonjwa na jamaa zao hushindwa kulielewa. Watu wawili wenye ugonjwa wa aina moja, uliofikia hatua moja, hupewa dawa ile ile kwa dozi iliyokokotolewa kufuata uzito au ukubwa wa mwili. Mmoja hupona. Wa pili hupata nafuu kwa majuma machache, kisha uvimbe huanza kukua tena, na dawa iliyoupunguza hapo awali haiudhuru tena. Katika jalada la mgonjwa huyu wa pili huandikwa kwamba ugonjwa wake ni sugu.

Neno hilo ni hukumu. Likishaandikwa, dawa hubadilishwa kwa nyingine iliyo ghali zaidi au kali zaidi. Na pale ambapo hakuna nyingine, matibabu hukoma, na mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama hukumu hiyo hutolewa baada ya ushahidi wote kusikilizwa. Dawa huweza kushindwa kwa sababu seli za saratani zimepata njia ya kujikinga nayo. Lakini huweza pia kushindwa kwa sababu haikuzifikia seli hizo kwa kiasi cha kutosha, baada ya mwili wa mgonjwa kuibadilisha au kuitoa upesi mno. Sababu ya kwanza hudai dawa nyingine. Ya pili hudai dozi nyingine ya dawa ile ile. Mwenye kuzichanganya sababu hizi mbili huweza kumnyima mgonjwa dawa ambayo ingemponya.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uchunguzi wa namna mwili unavyoibadili dawa, yaani umetaboli wa dawa, usihesabiwe kuwa anasa ya nchi tajiri. Ni sehemu ya tiba ya saratani, na hapana budi ufanywe katika Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1958

Mambo matatu yaliyotokea katika mwaka 1958, kila moja mahali pake, yanafaa kuwekwa pamoja. Huko Kampala, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika. Uvimbe huo uliitwa baadaye limfoma ya Burkitt. Huko Ujerumani, Norbert Brock na wenzake wa kampuni ya Asta walitangaza dawa mpya iitwayo saiklofosfamaidi. Na huko Marekani, Martin Klingenberg na David Garfinkel, kila mmoja kwa makala yake, walieleza rangi ngeni iliyomo ndani ya seli za ini, ambayo ikishikana na gesi ya kaboni monoksaidi hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450. Wataalamu wawili wa Japani, Tsuneo Omura na Ryo Sato, ndio walioipa rangi hiyo jina la saitokromu P450 mwaka 1962.

Haikupita miaka mingi kabla mambo hayo matatu hayajakutana katika mwili wa mtoto mgonjwa. Katika miaka ya 1960 watoto wenye limfoma ya Burkitt walianza kutibiwa kwa saiklofosfamaidi, na uvimbe ambao kisu cha daktari hakikuweza kuuondoa ulinywea kwa siku chache tu. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma kwa ushirikiano wa Chuo cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho kiliongozwa kwanza na John Ziegler, na baada yake na Charles Olweny, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati ambapo madaktari wengi duniani bado walikuwa na shaka kama dawa peke yake yaweza kuponya saratani, watoto wa Kampala walikuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza kwamba yaweza.

Hata hivyo, si wote waliopona. Kwa baadhi yao ugonjwa ulirudi. Wataalamu wa kituo hicho waliona kwamba ugonjwa uliorudi baada ya muda mrefu mara nyingi ulisikia tena dawa ile ile, lakini ule uliorudi upesi mara nyingi haukuisikia. Swali la usugu, kwa hiyo, si geni katika Afrika Mashariki. Lilionekana Kampala nusu karne iliyopita, kando ya vitanda vya watoto.

Dawa hutengenezwa na ini

Brock na wenzake walikusudia kuunda dawa isiyo na madhara, ambayo ingegeuzwa kuwa sumu na vimeng'enya vya uvimbe wenyewe. Kusudi lilikuwa jema, lakini mwili ulikuwa na utaratibu wake. Saiklofosfamaidi ikitiwa katika chombo chenye seli za saratani maabarani, haizidhuru seli hizo. Ikiingia katika damu na kufika kwenye ini, hapo ndipo vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450 huipachika oksijeni. Kitu kinachopatikana hupita katika damu, huingia ndani ya seli, kisha huvunjika na kutoa vitu viwili. Kimoja hushikana na DNA na kuizuia seli isigawanyike. Hiki ndicho kinachoua saratani. Cha pili ni akrolini, ambayo haina faida kwa mgonjwa. Hukusanyika katika kibofu cha mkojo na huweza kukijeruhi hata mkojo ukatoka na damu.

Mwanafunzi akifikiri juu ya habari hizi ataona jambo kubwa. Kitu kinachoua saratani hakimo ndani ya chupa ya dawa. Hutengenezwa na mgonjwa mwenyewe katika ini lake, na kiasi chake hutegemea wingi na ubora wa vimeng'enya alivyo navyo. Ini lililodhoofika, lishe mbaya, dawa nyingine alizopewa mgonjwa kwa wakati huo huo, na jeni alizorithi kwa wazazi wake, vyote huweza kuongeza au kupunguza kiasi hicho. Daktari anayeandika dozi moja kwa watoto kumi huandika, kwa kweli, dozi kumi zinazotofautiana.

Seli inayojihami

Upande wa pili wa jambo hili ni seli ya saratani. Uvimbe wenye upana wa sentimita moja hukadiriwa kuwa na seli zipatazo bilioni moja. Ikiwa katika kila seli milioni moja imo moja tu ambayo, kwa badiliko la jeni lililotokea kwa bahati, haidhuriwi na dawa fulani, basi uvimbe huo una seli sugu elfu moja kabla mgonjwa hajaonja dawa. Dawa ikiua nyingine zote, hizo elfu hubaki na kuzaana. Hesabu ya namna hii ilitumiwa na James Goldie na Andrew Coldman wa Kanada mwaka 1979 kueleza kwa nini inafaa kutumia dawa kadhaa kwa pamoja: seli inayoikwepa dawa moja haielekei kuzikwepa tatu.

Lakini zipo seli zinazozikwepa hata hizo tatu. Huko Toronto, Rudolph Juliano na Victor Ling walikuza seli za ovari za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, katika kolchisini iliyokuwa ikiongezwa kidogo kidogo. Seli zilizobaki hazikudhuriwa na kolchisini, na ajabu ni kwamba hazikudhuriwa pia na dawa nyingine kadhaa zisizofanana nayo. Mwaka 1976 walieleza kwamba utando wa seli hizo una protini kubwa ambayo seli za kawaida hazikuwa nayo kwa wingi. Waliiita P-glaikoprotini. Baadaye ilidhihirika kwamba protini hiyo ni pampu: hutumia nishati ya seli kuitoa nje dawa iliyokwisha kuingia. Jeni ya binadamu inayoiunda ilitambuliwa mwaka 1986. Mwaka 1992 Susan Cole, Roger Deeley na wenzao wa Kanada walieleza pampu nyingine, na pampu zaidi zimegunduliwa tangu hapo.

Pampu hizo hazikuanzia katika saratani. P-glaikoprotini imo katika utumbo, ini, figo na mishipa midogo ya damu ya ubongo, mahali ambapo mwili unahitaji kuzuia au kutoa sumu zilizomo katika vyakula na mimea. Vinkristini, dawa ya saratani itokanayo na ua lenye asili ya Madagaska ambalo hupandwa katika bustani nyingi za Afrika Mashariki, ni miongoni mwa vitu vinavyosukumwa nje na pampu hiyo. Seli ya saratani hutumia ngao ile ile ambayo mwili wenye afya hujikinga nayo.

Kwa saiklofosfamaidi njia ni nyingine. Mwaka 1984 John Hilton wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alionyesha kwamba seli za lukemia ya panya zisizodhuriwa na dawa hiyo zilikuwa na kimeng'enya kingi cha aldihaidi dihidrojenasi. Kimeng'enya hiki hukishika kitu kilichotoka kwenye ini kabla hakijavunjika, na kukigeuza kuwa asidi isiyo na nguvu. Hapa umetaboli na usugu huwa jambo moja: ini huiamsha dawa kwa kimeng'enya, na seli ya saratani huilaza tena kwa kimeng'enya.

Funzo la pampu iliyozibwa

Ilipojulikana kwamba seli hutoa dawa kwa pampu, wazo la kuiziba pampu lilijitokeza lenyewe. Mwaka 1981 Takashi Tsuruo wa Japani na wenzake walionyesha kwamba verapamili, dawa ya moyo, iliweza kurudisha nguvu ya vinkristini dhidi ya seli sugu za panya. Matumaini yakawa makubwa. Vizibo vyenye nguvu zaidi viliundwa, kimojawapo valspodari, na katika miaka ya 1990 vilijaribiwa kwa wagonjwa wengi. Matokeo yalivunja moyo.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini moja yahusu hoja hii moja kwa moja. Valspodari haikuziba pampu ya uvimbe tu. Ilizuia pia vimeng'enya vya ini vinavyoondoa dawa za saratani katika damu, pamoja na pampu za kawaida za mwili. Dawa za saratani zikakaa katika damu kwa muda mrefu na kwa wingi wa kudhuru, hata madaktari wakalazimika kupunguza dozi zake. Dozi hizo zilipunguzwa kwa kiasi kimoja kwa wote, ilhali wagonjwa hawakuathiriwa sawa. Wengine wakapata sumu nyingi mno, wengine wakapata dawa pungufu. Waliokusudia kushughulikia seli walisahihishwa na ini. Mtu hawezi kuufahamu usugu wa saratani pasipo kuijua safari yote ya dawa, kutoka mdomoni au mshipani hadi ndani ya seli.

Tofauti za watu

Ikiwa safari hiyo hutegemea vimeng'enya, na vimeng'enya hutegemea jeni, basi ni lazima kuuliza dozi zinazotumika zilipatikana kwa kuwapima watu gani. Nyingi zilipatikana kwa kuwapima wagonjwa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dozi ya kuazima husitiri mara nyingi, na wengi wamepona kwayo. Lakini haisitiri maungo yote.

Collen Masimirembwa, mtaalamu wa Zimbabwe wa umetaboli wa dawa, amelifanya swali hilo kuwa kazi ya maisha yake. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza aina ya jeni ya CYP2D6 iliyo ya kawaida kwa Waafrika na adimu kwa watu wa Ulaya, ambayo kimeng'enya chake hufanya kazi kwa uvivu. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoigeuza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kuwa endoksifeni iliyo na nguvu zaidi. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani tofauti hiyo hubadili maisha ya mgonjwa, na ubishi huo hautamalizwa na maneno. Utamalizwa na vipimo vilivyofanywa kwa wagonjwa wenye jeni hiyo, ambao wengi wao wamo Afrika.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya virusi vya UKIMWI kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na dolutegraviri katika nchi nyingi. Dozi ya kawaida ilikuwa miligramu 600 kwa siku. Huondolewa mwilini hasa na kimeng'enya cha CYP2B6, na jeni inayokidhoofisha kimeng'enya hicho ni ya kawaida mno katika Afrika. Watu wenye nakala mbili za jeni hiyo walikusanya dawa nyingi katika damu, wakasumbuliwa na kizunguzungu na ndoto za kutisha, na wengine wakaiacha dawa. Baadaye utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miligramu 400 zingetosha. Inafaa kukumbuka kwamba CYP2B6 ni miongoni mwa vimeng'enya vinavyoiamsha saiklofosfamaidi ile ile ya watoto wa Kampala.

Tofauti huweza pia kuelekea upande mwingine. Kimeng'enya cha CYP3A5, ambacho huiondoa vinkristini mwilini, hakifanyi kazi kwa walio wengi wa watu wa Ulaya, lakini hufanya kazi kwa walio wengi wa Waafrika. Watoto wa Kenya waliochunguzwa wakati wa kutibiwa kwa vinkristini walionekana kupata madhara machache ya neva kuliko ilivyozoeleka kwingineko. Hiyo ni habari njema, lakini inazua swali zito: je, madhara kuwa machache ni dalili kwamba dawa nayo ni chache, na kwamba dozi ingeweza kuongezwa kwa usalama? Ikiwa ndivyo, huenda wapo watoto walioandikwa kuwa na ugonjwa sugu ilhali ugonjwa wao haukupata kukutana na dawa ya kutosha.

Onyo moja ni la lazima. Habari hizi zisimfanye mtu aseme kwamba ipo dozi ya Mwafrika na dozi ya Mzungu. Watu wa Afrika hutofautiana kwa jeni kuliko watu wa bara jingine lolote, na ndugu wawili wa nyumba moja huweza kurithi jeni zisizofanana. Rangi ya ngozi haiwezi kuwa badala ya kipimo cha damu.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kusubiri. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Wengine huacha tiba kwa kukosa nauli. Na dawa zenyewe huadimika. Hoja hizo ni za kweli, na hakuna utafiti wa jeni utakaomponya mtoto asiyefika hospitalini. Lakini umaskini wa dawa ndio sababu ya kuzitumia kwa uangalifu zaidi. Nchi yenye dawa kumi za kuchagua yaweza kuvumilia kosa la kuiacha moja bila sababu. Nchi yenye dawa tatu haiwezi.

Wengine watasema kwamba vipimo ni ghali. Ni kweli kwamba mashine za kupimia dawa katika damu ni za thamani kubwa, lakini jambo lenyewe si geni. Katika hospitali za nchi tajiri, mgonjwa anayepewa methotreksati kwa dozi kubwa hupimwa kiasi kilichomo katika damu yake, na daktari huongozwa na matokeo hayo. Tena si lazima kila hospitali iwe na mashine. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi laweza kusafirishwa kutoka wilayani hadi maabara kuu, kama ilivyofanywa kwa miaka mingi katika kuwapima watoto wachanga virusi vya UKIMWI. Maabara moja nzuri kwa nchi, au hata moja kwa nchi mbili zinazoshirikiana, ingetosha kuanzia.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, kila majaribio ya dawa ya saratani yanayofanywa Afrika Mashariki, hata yakilipiwa na wageni, yawe na sehemu ya kupima dawa katika damu ya wagonjwa, na matokeo yabaki pia katika nchi husika. Pili, hospitali zinazotibu saratani zisiandike neno sugu bila kuandika kando yake kama kiasi cha dawa kilijulikana au hakikujulikana. Mabadiliko hayo ya pili hayahitaji fedha. Yanahitaji unyofu tu. Tatu, vyuo vikuu viwafundishe vijana wa famakolojia kazi hii kwa wingi, na viwape maabara za kuifanyia watakapohitimu, wasije wakaenda kuwapima wagonjwa wa nchi nyingine.

Kazi hiyo huanzia katika shule ya sekondari. Walimu wengi wa biolojia hutumbukiza kipande cha ini katika haidrojeni peroksaidi, na wanafunzi huona povu likipanda. Ini lililochemshwa halitoi povu. Kimeng'enya kinachofanya kazi hapo ni katalasi, ambacho kama saitokromu P450 kina chuma ndani yake. Mwalimu anaweza kwenda hatua moja mbele: atumie vipande vya uzito ulio sawa kutoka maini ya kuku, ya mbuzi na ya ng'ombe, apime kimo cha povu, na kuwauliza wanafunzi kwa nini peroksaidi iliyo sawa haikutoa povu lililo sawa. Atakayelijibu swali hilo vizuri yuko karibu kuelewa kwa nini dozi moja haiponyi watu wote.

Kabla ya daktari kusema kwamba seli imeikataa dawa, hana budi kujua ni dawa kiasi gani iliyoifikia. Watoto wa Kampala waliifundisha dunia kwamba limfoma hutibika kwa dawa. Watoto wa sasa wa Uganda, Kenya na Tanzania wanastahili kutibiwa kwa dozi iliyotafutwa katika miili kama yao.